Skauti Mkuu wa Nyeri na askari wake elfu kumi

Kila serikali yetu inapotaka kuwatuliza wananchi juu ya usalama, hutangaza kwamba itaajiri askari, na aghalabu idadi itajwayo ni 10,000. Mwaka 2014 vijana wapatao 10,000 waliteuliwa katika viwanja vya michezo kote nchini, na kabla hawajavaa sare Mahakama Kuu ikalibatilisha zoezi zima kwa sababu ya rushwa na ukiukaji wa taratibu, kufuatia kesi iliyofikishwa mbele yake na Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi. Mwaka 2025 idadi ikawa ile ile, 10,000, na safari hii ugomvi ulikuwa juu ya nani mwenye kalamu ya kuandika majina, Tume ya Kitaifa ya Huduma ya Polisi au Inspekta Jenerali. Mwezi Oktoba mahakama ya masuala ya ajira ikaamua kwamba kalamu hiyo ni ya Inspekta Jenerali. Katika kelele zote hizo nilitega sikio nisikie walau mtu mmoja akiuliza swali ambalo mwalimu yeyote angeliuliza kwanza: kijana huyu akishaandikwa, ni nani atakayemlea kazini?

Ndipo nikamkumbuka mtu mmoja aliyelala hapa kwetu Nyeri, ambaye zaidi ya miaka 120 iliyopita alikabidhiwa jukumu la kuunda jeshi la polisi kutoka sifuri, na ambaye idadi aliyoruhusiwa hatimaye ilikuwa hiyo hiyo ya 10,000. Wanafunzi wetu humjua kwa jina la mwanzilishi wa skauti. Kila mwaka, ifikapo tarehe 22 Februari au karibu na hapo, vijana wenye skafu shingoni hupanda mabasi kutoka pembe zote za nchi wakaja kulizuru kaburi lake. Sijawahi kumsikia mwalimu akiwaambia kwamba mzee huyo, kabla hajawa baba wa skauti, alikuwa Inspekta Jenerali wa polisi, na kwamba mtindo wa vikosi vidogo wanaoufuata kambini aliukuza miongoni mwa askari kabla hajawapa watoto. Nami naamini sehemu hiyo ya maisha yake ndiyo yenye faida kubwa zaidi kwetu leo, kuliko hadithi zote za kuwasha moto bila kiberiti.

Robert Baden-Powell alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Baba yake alikuwa kasisi na profesa katika Chuo Kikuu cha Oxford, naye alifariki mwana akiwa na umri wa miaka mitatu tu, akamwachia mama, Henrietta, nyumba iliyojaa watoto. Alisomeshwa katika shule ya Charterhouse, ambako inasimuliwa kwamba alipenda zaidi kutoroka na kujificha msituni kuliko kukaa na vitabu. Oxford haikumpokea. Akaufanya mtihani wa jeshi, akaupita vizuri mno, na mwaka 1876 akapelekwa India moja kwa moja, afisa mchanga wa kikosi cha wapanda farasi.

Sitaki kumchosha msomaji kwa orodha ya vita alivyopigana. Alikuwa mtumishi wa dola iliyokuwa ikiitwaa dunia kwa bunduki, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa hiyo. Mwaka 1895 alipelekwa Ghana ya leo, katika safari ya kumng'oa mfalme Prempeh wa Ashanti, na huko aliwaongoza Waafrika mamia waliokata njia msituni mbele ya jeshi la Waingereza. Mwaka uliofuata alikuwa Zimbabwe ya leo, kulizima vuguvugu la Wandebele. Huko ndiko alikotenda jambo ambalo wapenzi wake hulipita kwa haraka. Chifu mmoja, Uwini, alikamatwa akiwa amejeruhiwa, na badala ya kukabidhiwa kwa watawala wa kiraia, akahukumiwa na mahakama ya kijeshi kambini na kupigwa risasi kwa idhini ya Baden-Powell. Uchunguzi ulifanywa, akasafishwa. Nalitaja hili sasa mapema, kwa kuwa mtu anayekuja kupewa polisi huwa amekwisha kuonyesha mahali fulani jinsi anavyoiona sheria, na waajiri wake hawana haki ya kujifanya hawakuona.

Kati ya mwaka 1897 na 1899 alirudi India akiwa kamanda wa kikosi kizima, na hapa ndipo naanza kumsoma kwa makini. Askari wake walikuwa wakifa kwa homa ya matumbo kuliko kwa risasi. Wakubwa wengi wa zama zile wangaliandika barua ya kuomba askari wengine wa kujaza nafasi za waliokufa. Yeye aliuliza askari wanakula nini na wanakunywa nini. Akaanzisha kambini mahali pa kuokea mkate, pa kupata maziwa safi na pa kutengeneza soda, ili wasiende kuvinunua vitu hivyo mitaani. Pia akawachagua vijana wachache, akawagawa katika makundi madogo, akawafunza upelelezi: kusoma nyayo, kukaa peke yao, kurudi na habari ya kweli, na waliofaulu akawapa beji. Kutokana na mafunzo hayo akaandika kijitabu cha askari, kilichotoka mwaka 1899.

Mwaka huo huo vita vya Waingereza na Makaburu vikazuka Afrika Kusini. Baden-Powell akajikuta amezingirwa katika mji mdogo wa Mafeking, ambao siku hizi huitwa Mahikeng, tangu Oktoba 1899 hadi Mei 1900, siku 217. Walinzi wake wenye silaha walikuwa wapatao 1,200, na adui alikuwa na watu maradufu kadhaa. Huko wavulana wa mji walipangwa kuwa matarishi, wakipeleka barua na kufanya zamu, ili watu wazima wabaki kwenye mahandaki. Uingereza ilipopata habari kwamba mji umeokolewa, watu walikesha wakicheza barabarani, na Baden-Powell akawa jenerali akiwa na umri wa miaka 43.

Lakini mji ule ulikuwa na wakazi wengi Waafrika, hasa Wabarolong, waliouhami kwa bunduki na kwa damu. Mmoja wa watu waliokuwa ndani ni Sol Plaatje, kijana mkalimani wa mahakama, ambaye aliandika shajara ya siku zile. Shajara hiyo ilichapishwa mwaka 1973, na mwalimu wa historia asiyeijua angefanya vyema kuitafuta. Chakula kiligawanywa kwa rangi. Mwafrika alipata kidogo kuliko Mzungu, na maskini zaidi wakafa kwa njaa au wakasukumwa watoke nje kupitia katika mistari ya adui. Sifa za Mafeking zimejengwa juu ya hesabu hiyo pia.

Basi mwaka 1900, Makaburu wakiwa wameshindwa katika miji lakini wangali wakipigana porini, Waingereza walianza kuwaza jinsi ya kuzitawala nchi mbili walizoziteka, Transvaal na Dola Huru ya Orange. Baden-Powell akaitwa. Aliambiwa aunde jeshi la polisi la nchi hizo, na tangazo la kuliunda likatolewa mwezi Oktoba mwaka huo. Mwanzoni idadi iliyowaziwa ilikuwa 6,000, kisha ikapandishwa hadi 10,000. Hakuwa na kambi wala farasi, wala sare, wala sheria za kazi, wala afisa hata mmoja. Makao makuu aliyoyapata yalikuwa Modderfontein, karibu na Johannesburg, katika majengo ya kiwanda cha baruti.

Nawaomba walimu wenzangu mjiweke mahali pake. Ukiambiwa leo ufungue shule ya wanafunzi 10,000 na wote wawe darasani baada ya miezi michache, utaanza na nini? Wengi wetu tungeanza na madawati. Baden-Powell alianza na swali la ukubwa wa kundi. Aliona kwamba mtu mmoja hawezi kuwalea watu mia, ila anaweza kuwalea watu sita. Kwa hiyo kiini cha jeshi lake kilikuwa kikosi cha watu wapatao sita chini ya koplo, na koplo huyo ndiye aliyewajibika kwa afya yao, farasi wao, usafi wao na mwenendo wao. Kosa la askari lilikuwa kwanza kosa la kujibiwa na koplo. Juu ya koplo walikuwapo maafisa wa kawaida, na jeshi zima likagawanywa katika divisheni zilizopewa uhuru mkubwa wa kujiendeshea mambo, ili mkuu wa mbali asingoje kibali cha Modderfontein kila anapotaka kununua nyasi za farasi.

Jambo la pili lilikuwa dhamana. Askari wa jeshi la Uingereza wa siku zile alifugwa kwa kengele na paredi. Kila saa kulikuwa na mtu wa kumhesabu. Polisi wa Baden-Powell angekaa na wenzake watano katika kituo cha upweke, mwendo wa siku nzima kutoka kwa afisa wa karibu, akipita shamba hadi shamba juu ya farasi. Hapana paredi inayoweza kumlinda mtu kama huyo asilewe wala asiibe. Kwa sababu hiyo mkuu wake aliamua kumwambia tangu mwanzo kwamba anaaminiwa, na kwamba akiivunja imani hiyo hana nafasi tena. Hata sare aliibuni kwa mtu wa kufanya kazi: shati na suruali ya khaki, na kofia pana ya kukinga jua badala ya kofia ngumu ya kijeshi. Msomaji aliyewahi kuvaa sare ya skauti ataitambua kofia ile.

Hao watu 10,000 walitoka wapi? Walitoka Uingereza, Kanada na makoloni mengine ya dola. Zaidi ya 1,000 walitoka Kanada peke yake, na divisheni moja ikapewa Sam Steele, Mkanada aliyekuwa amejipatia sifa katika polisi wapanda farasi wa nchi yake. Huyu alikuwa polisi wa kweli; nchi ya upweke na baridi ilikuwa imemfunza jinsi ya kumkalisha askari mbali na wakubwa asiharibike. Tendo hilo dogo la kumwajiri mtu aliyekwisha kuifanya kazi yenyewe, badala ya jamaa wa mkubwa fulani, nalihesabu miongoni mwa mambo mema ya Baden-Powell.

Hata hivyo haraka ni haraka. Vita vilikuwa havijaisha, na kwa muda vilipoendelea, polisi hawa waliwekwa chini ya mkuu wa majeshi, Lord Kitchener, ambaye aliwatumia kama askari wa vita, wakilinda ngome zilizopangwa kwa mistari nchi nzima. Kwa hiyo mtu aliyeajiriwa ili ajuane na wenye mashamba alianza kazi yake kwa kuwaona wenye mashamba hao wakichomewa nyumba, wake na watoto wao wakipelekwa kambini. Baden-Powell mwenyewe aliugua kwa kazi nyingi, akarudishwa Uingereza katikati ya mwaka 1901 na hakuonekana tena Afrika Kusini hadi mwanzoni mwa mwaka 1902. Amani ilipotiwa sahihi tarehe 31 Mei 1902, ndipo polisi walipopata nafasi ya kuwa polisi. Walitawanywa katika vituo vidogo vidogo, kila kituo na eneo lake, wakawa wanapita mara kwa mara nyumba kwa nyumba, wakisikiliza mashauri na kuwasaidia Makaburu waliorudi kutoka kambini na utumwani kuanza kilimo upya. Adui wa jana alianza kumjua polisi kwa jina.

Kwa Mwafrika habari ilikuwa nyingine. Waafrika walitumika katika jeshi hilo, lakini katika ngazi ya chini. Ile kanuni nzuri ya kumpa mtu dhamana na kumwamini haikuvuka mpaka wa rangi hadi kwenye uafisa. Hapa sina budi kumpinga Baden-Powell kwa hoja yake mwenyewe. Kama koplo ndiye nguzo, basi jeshi linalowakataza wenyeji wengi wa nchi wasipande kufikia amri limekata nguzo zake kwa shoka lake. Kenya ya kikoloni iliurithi mtindo huo bila kuubadili: Waafrika walijaza safu za chini, Wahindi wakawekwa katikati, Wazungu wakakaa juu. Haikushangaza basi kwamba mwananchi wa Tetu alimwona polisi kama fimbo ya mtu mwingine.

Mwaka 1903 Baden-Powell alirudishwa Uingereza kuwa mkaguzi mkuu wa vikosi vya wapanda farasi. Idadi ya polisi aliowaacha ilipunguzwa hatua kwa hatua, kwa kuwa walipaji kodi hawakutaka kulisha watu wengi hivyo wakati wa amani, na mwaka 1908 jeshi lile likavunjwa na watu wake kugawanywa. Mwaka huo huo kikatoka kitabu chake cha skauti kwa wavulana. Kabla ya hapo, Agosti 1907, alikuwa amejaribu mtindo wake katika kisiwa cha Brownsea, akiwa na wavulana wapatao 20, watoto wa matajiri na wa maskini pamoja, waliogawanywa katika vikosi vinne, kila kikosi na kiongozi kijana mwenzao. Ndicho kile kikosi cha koplo wa Modderfontein, kimevaa kaptura. Polisi wake walikwisha, mtindo ukabaki, ukaenea duniani. Hapa Kenya ulifika mwaka 1910.

Nimewahi kulea kundi la skauti katika shule moja ya hapa Tetu kwa miaka kadhaa, nami naweza kushuhudia kwamba mtindo huo hufanya kazi. Mtoto wa darasa la sita akipewa wenzake sita awajibike kwao, atajua Jumatatu ni nani hakula jioni na ni nani aliyepigwa nyumbani, mambo ambayo mimi mwalimu wa watoto 50 nisingeyajua hadi mwisho wa muhula. Kwa upande mwingine, kijana mmoja niliyemfundisha, ambaye sasa ni konstebo, aliniambia kwamba katika miaka yake ya kwanza kazini alihamishwa mara nne, na kwamba katika kituo kimoja alikaa miezi mitano kabla ya mkubwa wake kulijua jina lake. Mkubwa huyo hakuwa mtu mbaya, akanieleza. Yeye mwenyewe alikuwa mgeni pale, akingoja uhamisho wake. Siwezi kuliondoa jambo hilo moyoni kila nisikiapo hesabu ya askari mmoja kwa raia 450, ambayo wanasiasa wetu hupenda kuitaja kana kwamba ni dawa. Hesabu hiyo haijui konstebo analala wapi wala anamweleza nani shida yake.

Turudi kwa mzee wetu. Mwaka 1912 alimwoa Olave, aliyekuwa mdogo wake kwa zaidi ya miaka 30, wakapata watoto watatu. Mwaka 1929 akapewa ukabaila, akachukua jina la Gilwell, bustani ya mafunzo ya viongozi wa skauti karibu na London. Miaka yake ya mwisho ilimleta Nyeri kwa sababu ya rafiki. Eric Sherbrooke Walker, aliyewahi kuwa katibu wake, alikuwa amejenga hoteli ya Outspan mjini Nyeri, na kibanda cha kutazamia wanyama cha Treetops juu ya mti katika msitu wa Nyandarua. Baden-Powell alimtembelea mwaka 1935, akaipenda nchi, na mwaka 1938 akahamia katika nyumba ndogo iliyojengwa kwa ajili yake kwenye uwanja wa hoteli, akaiita Paxtu. Kutoka barazani aliuona Mlima Kenya asubuhi mawingu yanapofunguka. Alichora ndege na wanyama, akaandika vitabu vidogo na barua nyingi. Tarehe 8 Januari 1941 akafariki, akazikwa katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro. Mwaka 2001 kaburi hilo likatangazwa kuwa turathi ya kitaifa.

Hakuishi kuona yaliyoupata mji aliouchagua kufia. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na Nyeri ikawa kitovu cha vita. Polisi waliongezwa kwa pupa, walowezi wakapewa sare za akiba, walinzi wa vijijini wakapewa silaha, na mafunzo yakafupishwa. Idadi ilipanda upesi kuliko ilivyopanda hata Afrika Kusini, lakini hapakuwa na mtu aliyeuliza ni watu wangapi koplo mmoja aweza kuwalea. Wazee wa Tetu wanayajua matokeo kuliko vitabu: vipigo, mali iliyotwaliwa, watu waliotoweka. Mwaka 1954 London ilimleta Kanali Arthur Young, mkuu wa polisi wa mji wa London wenyewe, awe Kamishna wa Polisi wa Kenya na kuwanyoosha askari. Young alitaka polisi wawajibike kwa sheria badala ya kuwajibika kwa maafisa wa utawala, na wanaowatesa wananchi wachunguzwe. Gavana, Evelyn Baring, hakumuunga mkono, na kabla ya mwaka kumalizika Young akajiuzulu. Laiti angesikizwa.

Dedan Kimathi, mwana wa Tetu, mwalimu kama sisi, alinaswa kandokando ya msitu tarehe 21 Oktoba 1956. Aliyempiga risasi na kumkamata alikuwa askari wa polisi wa kikabila, Mkikuyu mwenzake, wa ngazi ya chini kabisa. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa humo gerezani mahali pasipoonyeshwa. Mjane wake, Mukami, alifariki mwaka 2023 bila kumzika. Skauti wanaokuja Februari kulizuru kaburi moja mjini Nyeri hufika siku chache baada ya kumbukumbu ya mtu mwingine ambaye hana kaburi la kuzuriwa. Mwalimu anayewaleta anaweza kuwaeleza yote mawili ndani ya basi moja.

Na njiani, wakitokea upande wa Nanyuki, watapita karibu na Kiganjo, ambako askari wa Kenya wamefunzwa tangu miaka ya 1940. Mengi yamebadilika tangu wakati ule. Katiba ya mwaka 2010 iliunda Huduma moja ya Kitaifa ya Polisi na Tume ya kusimamia watumishi wake. Jopo la Jaji Philip Ransley lilikuwa limekwisha kutoa mapendekezo mwaka 2009, na jopo la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga likatoa mengine Novemba 2023. Yote mawili yalikuta mambo yanayofanana: nafasi za kazi zinazonunuliwa, vyeo vinavyotolewa kwa kujuana, mishahara midogo, na nyumba ambamo familia za askari hutenganishwa kwa shuka. Ukizisoma ripoti hizo mbili kwa mfululizo utadhani ya pili ni nakala ya kwanza.

Ninachokidai si kikubwa. Serikali itakapokuja tena bungeni kuomba fedha za askari wengine 10,000, wabunge wa Nyeri na wenzao wasiridhike na idadi hiyo. Waulize ni makoplo wangapi wapya watakaowalea makurutu hao, wamefunzwa uongozi kwa muda gani, na kila mmoja atapewa watu wangapi. Kwa watu sita sita, makurutu 10,000 wanahitaji makoplo zaidi ya 1,600. Waulize pia koplo atakaa na watu wake miaka mingapi kabla ya kuhamishwa, na kama kituo anachopelekwa kina nyumba. Maswali hayo yanaweza kujibiwa kwa karatasi moja, na karatasi hiyo mimi sijapata kuiona.